Yale Wanayojiambia Wanafunzi Wetu

Nafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata iliyoko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala mkoani Mtwara, na kwa miaka kadhaa sasa nimekabidhiwa pia kazi ya ushauri na unasihi. Kazi hizo mbili zinakaribiana sana. Hisabati ni somo ambalo kila mwaka watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne nchini huanguka, kwa hiyo anayelifundisha husikia, pengine kuliko mwalimu mwingine yeyote, maneno ambayo watoto hujiambia pale wanapofungua daftari. Hawamwambii mwalimu, huyanong'ona, au huyaandika kwa penseli pembeni mwa karatasi ya mtihani: "Hesabu siziwezi." "Mimi kilaza tu." "Kwetu hakuna aliyemaliza Kidato cha Nne, nitakuwa mimi?" Naandika kueleza tuliyojifunza katika kuwasaidia wanafunzi wetu wayasikie maneno hayo, wayapime, kisha wayajibu kwa maneno mengine yenye ukweli, kwa sababu naamini kwa moyo wote kwamba wapo watoto wenye akili nzuri na bidii ambao shule imewapoteza kwa ajili ya sentensi moja waliyokuwa wakijirudia kila siku bila mtu mzima yeyote kuisikia.

Kwa wengi wao sentensi hiyo huzaliwa Kidato cha Kwanza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya kijijini kwao. Amejua kugawanya, amejua sehemu na desimali, huenda hata alikuwa akiitwa ubaoni kuwaelekeza wenzake. Anaingia sekondari, na masomo yaleyale yanamjia kwa Kiingereza. Mambo anayajua lakini maneno hayajui, na mwalimu akiuliza swali anainamisha kichwa. Nimewaona wengi wakinyamaza hivyo muhula mzima. Kinachoniuma zaidi ni hukumu wanayojitolea wenyewe: mtoto hasemi kwamba lugha imebadilika, anasema akili yake imepungua. Wazo hilo likishakita mizizi, kila kosa analolifanya baadaye linakuwa ushahidi wake, na kila swali analolipata anasema ni bahati.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliliona jambo linalofanana na hili kwa wagonjwa wake wenye sonona katika miaka ya 1960. Aligundua kwamba kati ya tukio na huzuni hupita wazo fupi, la haraka, linalojitokeza lenyewe, ambalo mgonjwa huliamini bila kulichunguza na mara nyingi hata hatambui kuwa limepita. Tiba aliyoijenga juu ya ugunduzi huo humfundisha mtu kulikamata wazo, kulidai ushahidi na kulilinganisha na hali halisi. Niliposoma maelezo hayo niliwaona wanafunzi wangu. Mtoto anafanya hatua ya kwanza ya swali, anafika ya pili, anakwama, anaweka kalamu chini na kutazama dirishani. Ukimwuliza kuna nini, anakujibu, "Nimechoka, Mwalimu." Na kweli anauhisi uchovu, maana uchovu ndio uliobaki, ile sentensi iliyouleta ilipita upesi mno hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Shule nyingi hulijibu tatizo hili kwa kumwalika mhamasishaji. Kwetu alikuja mmoja, mtu mwenye nia njema na sauti nzuri, akawasimamisha wanafunzi wote mstarini na kuwataka wapaze sauti: "Mimi ni mshindi! Mimi ni bora! Naweza!" Uwanja ulitikisika. Wale waliokuwa wakifanya vizuri waliondoka wamechangamka. Lakini katika siku zilizofuata, watoto wa mkiani mwa orodha ndio waliokuja ofisini kwangu wakiwa wamenyong'onyea kuliko awali, na msichana mmoja wa Kidato cha Pili alinieleza sababu bila kuzunguka: "Mwalimu, kila nikisema mimi mshindi, moyo unaniambia muongo wewe, matokeo yako si haya hapa?" Mtafiti Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha jambo hilohilo: watu wenye kujithamini kidogo walipotakiwa kujirudia kauli ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakuirudia, waliofaidika kidogo ni wale ambao tayari walikuwa wakijithamini. Kinywa kinatamka dai kubwa, moyo unalijibu kwa ushahidi, na katika shauri hilo moyo ndio unaoshinda kwa sababu una karatasi za mitihani mkononi.

Ndiyo maana sisi hatuanzi na fikra chanya. Tunaanza na kusikia. Mtoto hawezi kuipima sentensi ambayo hajaisikia, na hawezi kuisikia akiwa ametaharuki, moyo unamdunda na viganja vimelowa jasho. Hapo ndipo mazoezi ya utulivu yanapoingia, yaani kuituliza akili kwa kuizingatia pumzi, mwili na kile kinachotokea sasa hivi, bila kukihukumu. Mazoezi haya yana asili ya zamani katika dini ya Kibudha, lakini mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyatoa katika mavazi ya dini na kuyafanya programu ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Tangu hapo yameingia katika tiba na katika shule za nchi nyingi.

Asili hiyo niliieleza wazi kwa wazazi, kwa sababu wilaya yetu ni ya Waislamu na Wakristo wanaoishikilia imani yao, na mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini. Katika kikao cha wazazi mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, alisimama akauliza, "Mwalimu, hii ibada ya watu gani mnawaletea wajukuu zetu?" Nilimjibu, "Shikamoo, Shekhe. Hakuna neno linalotamkwa wala anayeombwa. Mtoto anakaa, anapumua, anayasikiliza mawazo yake, basi." Nikamwonyesha pale pale. Alikaa kimya kidogo, kisha akawageukia wazazi wenzake akawakumbusha kwamba katika Surat An-Nas Mwislamu hujikinga kwa Mola na shari ya mwenye kutia wasiwasi vifuani mwa watu, na kwamba mtoto anayejua kuutambua wasiwasi pindi unapomjia hajapotea. Maneno yake yalifungua mlango ambao mimi peke yangu nisingeufungua, na nawashauri walimu wa mikoa yetu ya Kusini wasilianze jambo hili bila kukaa na mashekhe na mapadri wa mahali hapo.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Nyuma ya jengo la maabara tuna mikorosho mikubwa, na chini yake wanafunzi wanaopenda hukaa juu ya matofali au mizizi, wameshika chini nyayo zote mbili, mikono juu ya mapaja, macho wazi yakiangalia ardhi hatua chache mbele. Wanavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita. Nawaeleza sababu, maana watoto wanapenda kujua sababu: moyo hupunguza mwendo kidogo wakati pumzi inatoka, hivyo mtu anayerefusha pumzi ya kutoka anaupa mwili nafasi ya kutulia. Kisha wanasikiliza. Majani makavu ya mikorosho yanavyokwaruzana, bodaboda inapanda kutoka bondeni, mwanamke anamwita mtoto, ndoo inagonga kingo za kisima cha kuvunia maji ya mvua. Akili inaondoka, inakwenda nyumbani, inakwenda kwenye mtihani. Mwanafunzi akishatambua kwamba imeondoka, anairudisha kwenye pumzi bila kujikaripia. Kwangu mimi kiini cha zoezi kiko katika hilo la kutojikaripia. Mtoto aliyezoea kujitukana kwa kila kosa anajikuta amekosea, ametambua, amerudi, na hakuna aliyemtukana, hata yeye mwenyewe.

Siwaambii kamwe "acha kufikiria hivyo". Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioamriwa wasimfikirie dubu mweupe walijikuta wakimfikiria kila mara, na amri hiyo ilipoondolewa walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Mwanafunzi anayejitahidi kuifukuza "mimi mjinga" ataishi nayo mchana kutwa. Tunamwambia aiache ipite, aitazame, na kama inarudi, aiandike.

Ni vyema pia kusema kwamba mazoezi haya hayana maajabu. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022, uliowahusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari. Wale waliofundishwa mazoezi ya utulivu darasani hawakuonyesha afya ya akili bora kuliko wenzao waliofundishwa masomo yao ya kawaida ya malezi, na wengi wao hawakuyafanya mazoezi nje ya darasa. Habari hiyo haikunikatisha tamaa. Ilinithibitishia tu kwamba utulivu haufai kulazimishwa kwa shule nzima kama kufagia uwanja. Kwetu ni hiari, ni kwa vikundi vidogo, na hutumika pale unapohitajika: kabla ya jaribio, baada ya ugomvi, baada ya matokeo kutoka. Na hauachwi peke yake. Kinachofuata ni daftari.

Daftari hilo ni lile la kawaida la kurasa 64, na mwalimu halisomi isipokuwa mwenye nalo amependa. Mwanafunzi anaandika ile sentensi kama ilivyomjia, bila kuipamba. Chini yake anaandika kilichotokea hasa, mambo ambayo hata asiyempenda angekubali kwamba yalitokea. Halafu anaandika kile ambacho shahidi mwadilifu angekisema juu ya jambo hilo. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniruhusu nisome ukurasa wake baada ya mtihani wa nusu muhula. Juu alikuwa ameandika: "Mimi wa mikorosho tu, shule si yangu." Kwenye sehemu ya pili alikuwa ameandika alama yake ya Hisabati, 18, na kuishia hapo, kana kwamba alama ndiyo iliyokuwa habari yote. Nikamwambia, "Mwanangu, ilete karatasi yenyewe." Tukaipitia pamoja, swali kwa swali. Maswali ya takwimu alikuwa ameyafanya yote, jedwali lake likiwa safi, wastani wake sahihi. Maswali ya duara hakuyagusa hata moja. Wiki zile za duara zilikuwa za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na yeye alikuwa shambani na baba yake. Alichukua kalamu, akafikiri kwa muda mrefu, akaandika: "Takwimu nimezipata. Duara sikuwepo. Nitamwomba mwenzangu daftari, kisha nimwulize Mwalimu nisipoelewa."

Sentensi hiyo ndiyo fikra chanya ninayoiamini. Haina sifa ndani yake wala haitabiri kwamba kijana huyo atakuwa mhandisi. Ni ndogo, ni ya kweli, karatasi yake mwenyewe inaithibitisha, na ina kazi ya kufanya kesho asubuhi. Moyo ukiitafuta kasoro hauioni. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto akiipata sentensi ya namna hiyo, hahitaji kuirudia kwa sauti wala kuibandika ukutani. Anainuka na kwenda kuifanya. Wala simsukumi apande haraka kutoka "siwezi" hadi "naweza sana", maana katikati ya maneno hayo mawili kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo mahali mtoto anapojifunzia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nalihofia kuliko mengine yote katika kazi hii. Si kila neno zito analolisema mwanafunzi ni fikra hasi. Mtoto anayeandika "siwezi kusoma usiku" kwa sababu nyumbani hakuna taa hajapotoshwa na mawazo yake, ametoa taarifa. Msichana anayesema "nachelewa kuelewa kipindi cha kwanza" wakati ameamka alfajiri kupanga foleni ya maji, na kwenye uwanda wetu maji yamekuwa shida tangu enzi za mabibi zetu, anasema kweli tupu. Msimu wa korosho hufunguka kuelekea Oktoba, na mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne huwa Novemba. Mtoto aliyekuwa akiokota korosho wakati wenzake wanarudia masomo ana sababu ya kuogopa. Kumfundisha mtoto wa namna hiyo kupumua na kufikiri vyema, kisha kumwacha na mzigo wake uleule, ni kumwambia kwamba kosa ni la kichwa chake. Kwa hiyo kila sentensi tunaiuliza kwanza kama ni kweli. Ikiwa ni kweli, kazi inahama kutoka kwa mtoto kuja kwetu watu wazima: kufungua darasa moja lenye umeme kwa ajili ya kusoma jioni, kuzungumza na mzazi, kupanga kipindi cha fidia. Baba yule wa kijana wa salfa nilimfuata shambani. Hakuwa mtu mkaidi hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, mimi sikujua kama siku zile zilikuwa na somo kubwa. Angeniambia." Mtoto hakumwambia kwa sababu alikwisha kuamini kwamba shule si yake.

Zipo pia sentensi ambazo mtoto hakuzitunga; amezirithi. "Sisi watu wa Kusini hatufiki popote" ni mojawapo, na nimeikuta kwenye madaftari mengi kiasi kwamba niliamua kuizungumza darasani kama tunavyozungumza somo la Historia. Niliwauliza nani aliwaambia, wakasema ni wazee. Basi tukajiuliza wazee waliisema lini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikinyesha sana barabara ya kuelekea Dar es Salaam ilikatika, gari likakwama siku nyingi porini. Mzee aliyesema hatufiki popote alikuwa akieleza safari aliyoisafiri kwa mwili wake. Neno lilikuwa na msingi wakati ule, likabaki vinywani baada ya msingi kuondoka. Wanafunzi walilielewa hilo haraka kuliko nilivyodhani. Nilipowatajia Benjamin Mkapa mwenyewe, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, akasoma Ndanda, akawa Rais kuanzia 1995 hadi 2005, mmoja akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, huyo ni mmoja, na wa zamani." Alikuwa na haki. Mfano wa mtu mkubwa mno humwacha mtoto palepale alipo. Kilichowagusa ni siku alipokuja muuguzi wa zahanati ya kijiji cha jirani, aliyesoma shule hiihii, akakaa nao chini ya mikorosho na kuwasimulia alivyorudia mtihani.

Mwaka 2021, mwezi Novemba, Serikali iliwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika mfumo rasmi wa shule, na baadhi yao wamerudi kwetu. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha zaidi kuhusu mipaka ya mbinu zangu na pia nguvu yake. Alirudi Kidato cha Pili, mtoto wake akilelewa na bibi yake. Darasani alikaa nyuma kabisa, na sentensi yake ilikuwa: "Nimeshaharibika." Zoezi la kukaa kimya halikumfaa, akitulia tu, kumbukumbu mbaya zilimjia, akawa anatetemeka. Jambo hilo hutokea kwa watu waliopitia mambo mazito, na mwalimu anayeendesha mazoezi haya sharti alijue kabla ya kuanza. Hatukumlazimisha. Alitembea na matroni kati ya mikorosho, akihesabu hatua, akizisikia nyayo zake kwenye majani, na hilo lilimtosha kumtuliza.

Daftari lake alilifunika kwa jalada la kaki na kulitunza kuliko madaftari ya masomo. Hakufuata utaratibu wangu wa sehemu tatu. Aligawa ukurasa kwa mstari wima, upande wa kushoto akaandika sentensi zote zilizokuwa zikimjia, na upande wa kulia, mbele ya kila moja, akaandika swali alilolibuni mwenyewe: "Nani kasema?" Kisha akajibu. "Nimeshaharibika": shangazi. "Nitawaambukiza wenzangu tabia": wasichana wa Kidato cha Tatu. "Umri wangu umepita": mimi mwenyewe. "Unakuja shule kufanya nini": mwalimu. Alipomaliza alinionyesha, akaweka kidole kwenye jibu lile moja, akasema, "Kumbe za kwangu mwenyewe ni hii tu, Mwalimu. Nyingine nimebebeshwa." Tuliishughulikia hiyo moja kwa muda mrefu. Umri ni kitu kinachohesabika. Alipiga hesabu ya mwaka atakaomaliza Kidato cha Nne, akaulinganisha na umri wa yule muuguzi alipoanza chuo, akaona tofauti si kubwa. Swali lake la "Nani kasema?" nimelichukua, kwa ruhusa yake, na sasa linatumika na wanafunzi wengine wengi.

Wapo ambao daftari haliwatoshi. Mwanafunzi mwenye huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki, asiyekula, asiyelala, anayejitenga, au anayezungumza juu ya kufa, huyo si wa kumwambia apumue na afikiri vyema. Tunamhusisha mzazi au mlezi, afisa ustawi wa jamii na hospitali; na pale ambapo nyumbani ndiko kwenye tatizo, wanafunzi wetu wote wanaijua namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, ambayo haina malipo. Namba hiyo tumeiandika kwa rangi kwenye ukuta wa nje wa vyoo vya wasichana na vya wavulana, mahali ambapo mtu anaweza kuinakili bila kuonekana.

Kabla ya mtihani wa utamilifu, ambao wanafunzi wanauita moko, tunawapa Kidato cha Nne dakika kumi za kuandika hofu zao zote kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeisoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walieleza katika jarida la Science mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye woga wa mitihani walioandika hofu zao kwa dakika kumi hivi kabla ya kuanza walifanya vizuri zaidi kuliko wenye woga kama wao ambao hawakuandika. Kwetu sijapima alama. Ninachokiona ni kwamba wanaingia chumba cha mtihani wakiwa wameacha kuzungumza kwa sauti ya juu na kucheka ovyo, na wanapoketi wanaisoma karatasi hadi mwisho kabla ya kushika kalamu.

Lakini lile neno "mwalimu" katika daftari la jalada la kaki halikuniacha. Kwa idhini ya msichana, na bila kumtaja yeye wala mwenzetu aliyesema, nililieleza jambo hilo katika kikao cha walimu: kwamba sehemu ya sauti tunayohangaika kuitoa vichwani mwa watoto tumeiweka sisi wenyewe, kwa maneno ya ubaoni, kwa "kilaza" linalotamkwa kwa utani, kwa wino mwekundu unaosema "mbovu" na kuishia hapo. Mwenzetu mmoja, mwalimu mzoefu ninayemheshimu, alipinga. "Mwalimu, sisi tulitukanwa kuliko hawa, na tumefika." Nilimwuliza kuhusu wale aliokaa nao dawati moja. Aliwataja wawili, akasema waliacha shule, akanyamaza, kisha akasema hilo ni jambo la kufikiriwa. Tulikubaliana mambo mawili siku ile. Kila mwalimu anaposahihisha ataandika angalau jambo moja ambalo mwanafunzi amelifanya sawasawa na jambo moja la kufanya baadaye. Na neno "kilaza" halitatumika tena na mtumishi yeyote wa shule, hata kwa mzaha.

La tatu tulishindwa kukubaliana, nalo ni orodha ya matokeo inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina yote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wengi wanasema inaleta ushindani. Mimi na wenzangu wachache tunataka kila mwanafunzi apewe karatasi yake mkononi, pamoja na ile ya muhula uliotangulia, ili ajilinganishe na alivyokuwa, na waliofanya vizuri wapongezwe mstarini bila wa mwisho kutangazwa. Mkuu wa shule amesema suala hilo litapelekwa kwenye bodi ya shule muhula huu, na mimi nimetakiwa kuandaa maelezo ya upande wetu.